MAUMIVU YA MWILI MZIMA: NI TIBA IPI INAYOSTAHILI PESA ZAKO?

Na Daktari Wako

Je, umewahi kuamka asubuhi ukiwa umechoka kuliko ulivyokuwa ulipolala? Mabega yanauma, mgongo unauma, mapaja yanauma, na mtu akikubonyeza kidogo tu mkononi unaruka kama aliyechomwa mwiba. Umepimwa malaria, haipo. Umepimwa homa ya matumbo, ukaambiwa ipo, ukatibiwa, na baada ya wiki mbili ukarudi pale pale. Ikiwa hali hii imekuandama kwa miezi, makala ya leo ni yako. Na ikiwa si wewe, huenda ni mkeo, dada yako au mwenzako kazini.

Mwaka jana mama mmoja mwenye umri wa miaka 41, ambaye huuza nguo za mitumba Gikomba, alifika katika kliniki yangu akiwa na bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na risiti za miezi 14. Tulizipanga mezani moja baada ya nyingine: vipimo vya damu, picha za eksrei, skani ya mgongo, sindano za kutuliza maumivu, dawa za homa ya matumbo mara nne, dawa za brusela mara mbili, na vidonge vya kila rangi. Jumla ilikuwa Sh71,350. Hapo hatukuhesabu nauli, wala siku alizofunga kibanda kwa sababu hakuwa na nguvu za kusimama wala kuinua nguo.

"Daktari," aliniuliza, "pesa hizi zote zimetibu nini?"

Ningependa kukuambia kwamba kosa lilikuwa la wengine. Lakini risiti mbili kati ya zile zilikuwa za kwangu. Mimi pia nilikuwa nimempima brusela na kumwandikia dawa.

Mama huyu alikuwa na maradhi yanayoitwa faibromayaljia. Leo nataka tuyatazame kwa jicho ambalo sisi madaktari hatulitumii sana mbele ya mgonjwa, yaani jicho la mfuko. Ni matibabu gani yanayorudisha faida kwa mgonjwa, na ni yapi yanayomla tu?

NI MARADHI GANI HAYA?

Faibromayaljia ni maumivu ya misuli na viungo yanayoenea mwili mzima kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Huandamana na uchovu mwingi, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Wataalamu hukadiria kwamba watu wawili hivi kati ya kila 100 duniani wanayo, na wanawake ndio wengi zaidi.

Tatizo haliko katika mifupa wala katika viungo vyenyewe. Liko katika njia ambayo mishipa ya fahamu na ubongo hupokea habari za maumivu. Fikiria redio ambayo sauti yake imeongezwa kupita kiasi: mtangazaji anasema kwa upole, lakini nyumba nzima inatikisika. Ndivyo mwili wa mgonjwa huyu unavyopokea mguso mdogo. Maumivu yake ni ya kweli. Si uvivu, si kujifanya, wala si kurogwa.

Maradhi haya hayaui, hayapindi vidole na hayaharibu mifupa. Lakini hakuna kipimo cha damu wala picha inayoyaonyesha. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili; aliyeumia katika sehemu 11 au zaidi alihesabiwa kuwa mgonjwa. Tangu 2010 kubonyeza huko si lazima tena. Daktari husikiliza habari ya mgonjwa, humpima mwili, na kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu.

Vipimo vinavyohitajika ni vichache: wingi wa damu, kipimo cha uvimbe mwilini, tezi ya shingo, sukari na virusi vya HIV. Vingine huongezwa ikiwa daktari ameona dalili maalumu. Hivi hufanywa mara moja, vikafanywa vizuri, basi. Havifanywi upya kila mgonjwa anapobadilisha hospitali.

PESA HUPOTELEA WAPI?

Mahali pa kwanza ni katika vipimo visivyo na mwisho. Kipimo cha homa ya matumbo kinachotumiwa katika maabara nyingi za mitaani hakitafuti viini vyenyewe. Hutafuta askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana navyo. Askari hao huweza kubaki damuni muda mrefu baada ya vita kwisha, na wengine hutokea kwa sababu ya maambukizo tofauti kabisa. Kwa hivyo mtu ambaye hana homa ya matumbo anaweza kuambiwa kwamba anayo. Kipimo cha haraka cha brusela kina kasoro iyo hiyo.

Homa ya matumbo ya kweli ni homa. Haimkai mtu miezi 14 ikija na kuondoka huku joto lake likiwa la kawaida. Ukiambiwa kwa mara ya nne kwamba unayo, uliza swali kabla ya kutoa pesa.

Mahali pa pili ni sindano na vidonge vya kutuliza maumivu, kama vile diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi hufaa pale penye uvimbe. Katika faibromayaljia hakuna uvimbe wa kutulizwa, na utafiti haukuonyesha kwamba zinashinda vidonge visivyo na dawa. Zikitumiwa kila siku kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Hapo mgonjwa hulipia tiba isiyofanya kazi, kisha hulipia madhara yake. Dawa kali za jamii ya mofini hazifai kabisa kwa maradhi haya, na zina hatari ya kumfanya mtu mtumwa wake.

Mahali pa tatu ni skani. Mtu mwenye umri wa miaka 40 akipigwa skani ya mgongo, mara nyingi patapatikana pingili iliyochakaa kidogo, hata kama hajawahi kuumwa. Mgonjwa hurudi nyumbani akiamini kwamba mgongo wake umeoza, huogopa kutembea, na maumivu huzidi.

Mahali pa nne hapana risiti. Ni siku ya kazi iliyopotea. Kwa mwajiriwa ni likizo ya ugonjwa. Kwa mama wa sokoni ni kibanda kilichofungwa na watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

BEI NA THAMANI NI VITU VIWILI

Wengi wetu mjini hununua vitu kidogo kidogo. Sukari ya kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, sabuni ya kukatiwa. Kila siku unatoa shilingi chache na huoni uchungu. Lakini mwisho wa mwezi umelipa zaidi ya jirani aliyenunua mfuko mzima. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ningeongeza kwamba haba na haba pia humaliza gunia.

Matibabu ni vivyo hivyo. Sindano ya leo dukani huonekana rahisi, lakini unapaswa kuuliza imekununulia nini. Wanaochunguza uchumi wa afya hutumia kipimo kimoja ili kulinganisha tiba mbalimbali: ni pesa ngapi zinahitajika ili mgonjwa apate mwaka mmoja wa afya kamili? Tiba ikimpa mtu nusu ya nafuu kwa miaka miwili, hiyo huhesabiwa sawa na mwaka mmoja wa afya kamili. Kwa njia hii unaweza kuweka bwawa la maji ya moto, vidonge na darasa la mazungumzo katika mizani moja.

Katika hesabu iliyokamilika huingizwa pia nauli, saa za mgonjwa na siku alizokosa kazini. Ndiyo sababu tiba yenye bei kubwa mwanzoni huweza kuwa rahisi mwishoni, na iliyo rahisi dukani ikawa ghali.

WENZETU WALIPATA NINI?

Huko Uholanzi, mwaka 1996, watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vikundi vya wagonjwa. Kikundi kimoja kilifundishwa kuhusu maradhi haya na kuongezewa mafunzo ya kisaikolojia ya kukabiliana na maumivu. Kingine kilifundishwa na kupewa nafasi ya kuzungumza tu. Nyongeza ile ya kisaikolojia iligharimu pesa nyingi zaidi, lakini haikuleta maisha bora kuliko yale ya kikundi cha pili. Somo ni hili: cha ghali si lazima kiwe bora, na mgonjwa anayeelewa maradhi yake tayari amepata tiba.

Waholanzi hao hao walijaribu jambo jingine. Waliwapeleka wagonjwa katika pwani ya Tunisia kwa wiki mbili na nusu. Huko waliogeshwa maji ya bahari yaliyopashwa moto, wakafanya mazoezi na kufundishwa. Walipata nafuu, naam, lakini ilikuwa nafuu ya muda, na ndege na hoteli zililipwa. Ripoti ya gharama zake ilitoka mwaka 2007.

Mwaka 2008 Wahispania walitoa matokeo ya wanawake 33. Baadhi yao walifanya mazoezi katika bwawa la maji ya vuguvugu, saa moja mara tatu kwa wiki, kwa miezi minane. Kila mwaka wa afya kamili uligharimu mfuko wa afya chini ya Euro 4,000. Watafiti walipoongeza wakati na safari za wagonjwa wenyewe, gharama ilipanda maradufu ikakaribia Euro 8,000. Hata hivyo ilikuwa bado chini sana ya Euro 30,000 ambazo watafiti wa nchi hiyo kwa kawaida huzichukulia kuwa mpaka. Lakini angalia, ndugu msomaji: nusu ya mzigo ulibebwa na mgonjwa. Watafiti wenyewe walisisitiza kwamba umbali kutoka nyumbani hadi kwenye bwawa, na idadi ya watu wanaoingia kwa pamoja, ndivyo vinavyoamua kama mpango kama huo unafaa.

Mwaka 2014, Uhispania tena, wagonjwa 168 walifuatwa kwa miezi sita. Baadhi walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi, ambamo mtu hufunzwa kubadili mawazo na mwenendo unaozidisha maumivu. Wengine walipewa pregabalini, pamoja na dulokisetini kwa wale waliokuwa na huzuni nyingi. Waliobaki waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Gharama za jumla za waliozungumza zilikuwa takriban nusu ya gharama za waliopewa dawa hizo, na hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao.

Chama cha madaktari wa maradhi ya viungo barani Ulaya kilipitia ushahidi wote na kutangaza mwongozo wake mpya mwaka 2016. Kati ya matibabu yote waliyoyachunguza, ni moja tu lililopata pendekezo lisilo na shaka. Ni mazoezi ya mwili.

NA DAWA JE?

Sisemi dawa hazina kazi. Marekani iliruhusu pregabalini kwa maradhi haya mwaka 2007 na dulokisetini mwaka 2008. Shirika la dawa la Ulaya lilikataa kuziidhinisha kwa ajili ya faibromayaljia, likisema faida yake haikutosha. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, kwa kila watu 10 wanaotumia pregabalini, ni mmoja hivi anayepata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Mmoja huyo hushukuru sana. Lakini wale tisa huendelea kulipa mwezi baada ya mwezi ikiwa hakuna anayewauliza kama inawafaa.

Iko dawa ya zamani na ya bei ya chini, amitriptilini, ambayo kwa kiwango kidogo cha miligramu 10 hadi 25 usiku huwasaidia baadhi ya wagonjwa kulala na kupunguza maumivu. Usijinunulie mwenyewe. Huleta usingizi na kukausha mdomo, na haimfai kila mtu, hasa mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa nyingine za akili.

Kanuni yangu ni hii: dawa yoyote ya maradhi haya ipewe muda maalumu, tuseme wiki sita hadi nane kwa kiwango kinachofaa. Ikiwa hakuna tofauti unayoweza kuitaja, iachwe polepole kwa ushauri wa daktari.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Huenda unasema: Daktari, Kenya si Uhispania. Ni kweli. Hatuwezi kuchukua Euro zao tukazigeuza shilingi na kudai tumepata jibu. Mabwawa ya maji ya moto ni machache na mengi yako katika vilabu na hoteli. Lakini yale yaliyofanya mipango ile iwe na faida, yaani mafunzo, mazoezi, vikundi na ukaribu na nyumbani, hayahitaji ndege wala mashine. Anza na haya:

Kwanza, jifunze maradhi yako, na uje na mume, mke au mtoto mkubwa siku daktari anapoyaeleza. Nyumba ikielewa, lawama hupungua, nawe huachi kila kitu ukimbilie hospitali kila maumivu yanapopanda.

Pili, tembea. Anza na dakika 10, siku moja baada ya nyingine, kwa mwendo unaokuwezesha bado kuzungumza. Ongeza dakika chache kila wiki hadi ufike 30. Katika wiki za kwanza huenda maumivu yakazidi kidogo. Usiogope na usiache. Punguza mwendo, kisha uendelee. Anayeshuka matatu kituo kimoja kabla ya kwake ameanza tiba, na ameokoa nauli.

Tatu, gawanya kazi. Wagonjwa wengi, siku wanapojisikia vizuri, hufua, hudeki na kubeba kila kitu, kisha hulala siku tatu. Fanya kidogo leo na kidogo kesho.

Nne, linda usingizi. Lala na uamke saa zile zile, acha chai na kahawa jioni, na simu ibaki mbali na kitanda.

Tano, tafuteni kuwa kikundi. Hospitali kubwa za kaunti zina idara za mazoezi ya viungo. Uliza kama mtaalamu anaweza kuwafunza wagonjwa wanane au 10 kwa pamoja, kisha mkaendelea wenyewe katika uwanja wa kanisa, msikiti au shule. Tunajua kuendesha vyama vya kuweka akiba. Hatushindwi kuendesha chama cha kutembea. Saa ya mtaalamu ikigawanywa kwa watu 10, kila mmoja hulipia dakika sita tu.

Ikiwa baada ya miezi michache hakuna nafuu, hapo ndipo huongezwa ushauri nasaha kwa mwenye huzuni na wasiwasi, au dawa kwa asiyelala kwa maumivu. Panda ngazi ukianzia chini, si juu.

MASWALI MATATU KABLA YA KULIPA

Unapoandikiwa kipimo au dawa mpya, una haki ya kuuliza:

1. Jibu la kipimo hiki litabadili nini katika matibabu yangu? Ikiwa halibadili kitu, kipimo kinaweza kungoja.

2. Nitajuaje kwamba dawa hii inanifaa, na baada ya muda gani?

3. Je, kuna njia ya bei nafuu zaidi yenye faida sawa?

Daktari mzuri hatakasirika. Mimi ningeulizwa swali la kwanza na yule mama, nisingemwandikia kipimo cha brusela.

Lakini usifanye uchumi pasipofaa. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiwa na homa isiyoisha, unapungua uzani, viungo vimevimba, mkono au mguu umekosa nguvu, au huwezi kuzuia mkojo. Hizo si dalili za faibromayaljia.

Wanaopanga bima na bajeti za afya nao wana swali la kujibu. Kwa uzoefu wangu, ni rahisi kwa mgonjwa kulipiwa skani ya pili kuliko kulipiwa miezi miwili ya mazoezi katika kikundi. Mfuko unaolipia kile kisichosaidia na kukataa kinachosaidia hauokoi pesa.

Na yule mama wa Gikomba? Miezi minane imepita. Hajapona, na sikumwahidi kupona. Zamani alipoulizwa maumivu ni mangapi kati ya 10 alisema manane. Sasa husema matano, na siku za baridi sita. Lakini kibanda ambacho alikuwa akikifungua siku tatu kwa wiki sasa hukifungua siku sita. Hutembea kila jioni na wenzake wanne wa sokoni, ambao wawili wao hawana ugonjwa wowote.

Bahasha yake bado anayo. Mwezi jana aliileta tukahesabu tena risiti za miezi hiyo minane. Zilikuwa Sh9,200.